Sambaza, Samaki Aliyepandishwa Kivu

Milima ya Masisi hugawa mvua. Tone linaloangukia mteremko wa magharibi huingia katika vijito vya mto Lowa, hushuka nao hadi kwenye misitu ya Walikale na kuishia Lualaba. Tone jingine likidondoka upande wa pili wa kilele hicho hicho, huteremka Sake na kuingia ghuba ya Kabuno, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Kivu. Hilo lina safari ndefu zaidi. Hulivuka ziwa zima hadi Bukavu, hutoka kwa mto Ruzizi, huporomoka hadi Ziwa Tanganyika, hutoka tena kwa mto Lukuga, na mwishowe nalo huingia Lualaba. Maji yaliyoachana Masisi hukutana tena mbali sana, mto ukielekea kaskazini.

Maji hupita, samaki hawakupita. Kati ya Tanganyika na Kivu kuna tofauti ya kimo ya karibu meta 700, na Ruzizi huimaliza kwa maporomoko ambayo samaki wa chini hawezi kuyapanda. Upande wa kaskazini njia nyingine ilikwisha kuzibwa. Zamani maji ya bonde hili yalitiririka kuelekea Ziwa Edward na Nile, mpaka volkano za Virunga zilipoinuka na kuweka ukuta wa mawe. Bonde likajaa, maji yakapanda, yakatafuta mlango wa kusini. Ndiyo maana samaki wa asili wa Kivu wana udugu zaidi na wale wa Edward kuliko wale wa Tanganyika, ingawa leo ziwa linamwagikia Tanganyika.

Walikuwa wachache. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya spishi 200 za jamii ya tilapia na ndugu zake peke yake. Kivu, hata ukiwahesabu wageni wote wa leo, haifikishi spishi 30. Kulikuwa na tilapia, kambale, samaki wa jamii ya kuyu, na aina kama 15 za samaki wadogo wanaofanana na furu wa Ziwa Victoria, ambao hawapatikani kwingine kokote duniani. Karibu wote waliishi pwani, kwenye mawe na matete, penye chakula cha chini. Katikati, juu ya kina kinachofika meta 485, hapakuwa na samaki aliyezoea kula vijidudu vinavyoelea.

Ziwa lenyewe lina tabia ambayo haina mfano mwingi. Maji yake yamepangwa kwa tabaka zisizochanganyika. Hewa ya oksijeni hufika meta 60 au 70 hivi wakati wa kiangazi, pepo zinapolikoroga, na chini ya hapo hakuna samaki anayeweza kupumua. Huko chini kumeyeyuka gesi ya kaboni na methani kwa wingi wa kutisha. Kabuno, ghuba ya watu wa Sake, ni kali zaidi. Imetenganishwa na ziwa kubwa kwa mlango usio na kina kikubwa, na oksijeni yake huishia kwenye meta kumi hivi. Mlipuko wa Nyamulagira wa 1938 hadi 1940 ulimwaga lava mpaka ziwani karibu na Sake, ukaubana mlango huo zaidi.

Mtu aliyeanza kuyapima mambo haya kwa utaratibu alikuwa Hubert Damas, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Liège, aliyekuja 1935 na 1936 kwa ajili ya Mbuga ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Alichunguza Kivu, Edward, na ziwa la tatu ambalo wengi nje ya Masisi hawalijui: Ndalaga, mojawapo ya maziwa ya Mokoto, kule Bashali. Napenda kumkumbusha msomaji jina hilo, kwa sababu kumbukumbu za sayansi ya maziwa ya Kongo huanzia mahali kama hapo, kwenye ziwa dogo kati ya vilima vya ng'ombe, na siyo Goma wala Bukavu tu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Wabelgiji walirudi na msafara mkubwa zaidi. Kati ya 1952 na 1954 walizichunguza Kivu, Edward na Albert. Mmoja wao, Jean Verbeke, alivuta nyavu zenye matundu madogo kama ya kitambaa cha hariri, akakusanya vijidudu vinavyoelea majini, akaviangalia kwa hadubini. Katika Kivu alimkuta, pamoja na wengine, dafnia: mdudu wa maji mwenye gamba angavu, anayepita kiasi milimeta moja, anayeogelea kwa kurukaruka kama kiroboto. Kazi ya dafnia ni kuchuja. Huyavuta maji mchana na usiku, huramba mwani mdogo ambao ndio majani ya ziwa. Alikuwa mchungaji mkubwa wa malisho ya Kivu, na hakuna mvuvi aliyewahi kumwona.

Wataalamu waliitazama hesabu hiyo wakaona nafasi. Mwani upo, vijidudu vipo, mlaji hayupo. Tanganyika, jirani wa chini, ilikuwa na dagaa wa aina mbili waliokuwa wakilisha miji na mashamba, na Kivu ilikuwa na njaa. Njaa hiyo sitaki ipite kama neno la pembeni. Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, palipojengwa taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, ilikuwa mojawapo ya sehemu za Afrika ambako madaktari walichunguza kwashiakori kwa miaka mingi, wakiwa na wodi za watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele kwa kukosa protini. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa samaki. Kutoka kituo cha Kipopo, karibu na Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, elimu ya kufuga tilapia ilisambazwa kote Kongo, na kufikia mwisho wa ukoloni mabwawa yalipita 100,000. Katika fikra za namna hiyo, ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,400 bila samaki wa katikati lilionekana kama shamba lisilolimwa.

Siwalaumu kwa kutaka watoto wale. Ninachokitilia shaka ni lile neno nafasi. Mwaka 1956, wakati mjadala wa samaki ukiendelea, mtafiti wa IRSAC hiyo hiyo, Daniel Biebuyck, alikuwa upande wa pili wa milima, kwa Wanyanga wa Walikale, akimsikiliza mzee Rureke akisimulia na kuimba utendi wa Mwindo kwa siku kadhaa. Katika utendi huo yumo Mukiti, nyoka wa majini, mwenye kilindi. Mwindo akiwa mtoto hufungwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, na humo majini hukuta kijiji, watu, na bwana wa mahali. Wanyanga walijua kwamba kilindi kina mwenyewe hata kama juu hakuonekani mtu. Mwenye kilindi cha Kivu alikuwa kidudu kinachopita kiasi milimeta moja, na alikuwa ameshaandikwa kwenye ripoti.

Kati ya 1958 na 1960 Mbelgiji mmoja mtaalamu wa uvuvi, A. Collart, alisimamia kazi ya kupandisha vifaranga vya dagaa kutoka Tanganyika. Ni kazi ya kuvunja moyo. Samaki wa jamii hii magamba yake hupukutika kwa kuguswa tu, na ukimweka kwenye ndoo yenye joto au msongamano hufa kabla hujageuka. Hata hivyo vilifika vifaranga 57,400 kwa hesabu ya Collart, vya spishi mbili. Wa kwanza, Stolothrissa, ndiye dagaa hasa wa katikati ya ziwa, na ndiye aliyetarajiwa. Wa pili, Limnothrissa miodon, ni mkubwa kidogo na hana masharti: anakaa pwani na katikati, anakula vijidudu, wadudu wanaoanguka majini, na hata watoto wake mwenyewe. Stolothrissa alipotea. Asiyechagua ndiye aliyebaki.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru, na yaliyofuata hayakumwachia mtu muda wa kuwafuatilia samaki. Wabelgiji wengi waliondoka, vituo vikafungwa au vikakosa fedha, vita vikapita Bukavu. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa jaribio lilishindwa. Samaki, yeye, alikuwa akizaliana. Katika miaka ya 1970 watafiti na wavuvi walimkuta kila upande, kutoka Bukavu hadi Goma na Gisenyi, na 1983 Spliethoff na wenzake waliandika makala ambayo katika kichwa chake mna neno mafanikio. Kufikia hapo mradi wa Umoja wa Mataifa upande wa Rwanda ulikuwa ukifundisha uvuvi wake tangu 1979.

Watu walimwita sambaza. Kwa Mswahili wa pwani jina hilo linasikika kama kitenzi, na ni vigumu kutolifikiria hivyo ukitazama ramani.

Uvuvi wake ulibadilisha usiku wa Kivu. Mitumbwi mitatu hufungwa sambamba kwa miti mirefu ya mkaratusi, miti hiyo ikitokeza mbele na nyuma kama pembe. Kati ya mitumbwi huteremshwa wavu mpana, na juu yake huning'inizwa taa za karabai, ambazo siku hizi nyingi zimepisha taa za betri. Mwanga huvuta vijidudu, vijidudu humvuta sambaza, kisha wavu huinuliwa kwa kamba huku wanaume wakiimba ili mikono ivute pamoja. Mbalamwezi ikiwa kubwa samaki hutawanyika, kwa hiyo wavuvi huhesabu siku kwa giza. Alfajiri akina mama husubiri ufukweni na mabeseni. Sambaza hukaangwa mzima au hukaushwa juani, na huliwa na mifupa yake kwa bukari na sombe. Kwa mtoto anayenyonyoka nywele, protini ile ni dawa ambayo Lwiro ilikuwa ikiitafuta.

Watu wa Kivu ambao hawakuwa na ng'ombe, wala fedha za kununua tilapia mkubwa, walipata kitoweo kinachouzwa kwa kipimo kidogo kabisa. Na kwa sehemu kubwa ya wavuvi, ufundi wa kwenda katikati ya ziwa haukuwepo kabla yake, kwani huko hakukuwa na cha kufuata. Hesabu yoyote ya madhara inayoruka jambo hili haina haki.

Lakini dafnia alikuwa amekwisha. Sababu ni rahisi kuielewa. Sambaza huwinda kwa macho, akichagua kidudu kimoja kimoja, na dafnia ni mkubwa, mzito, anaonekana. Katika maziwa mengine mdudu wa namna hiyo hushuka gizani mchana, akapanda usiku kula. Ndani ya Kivu hawezi kushuka mbali, maana chini hakuna oksijeni. Amebanwa kati ya mdomo wa samaki na maji yasiyopumulika. Walionusurika ni wadogo zaidi, na hasa kopepodi, ambao huruka ghafla wakihisi mtikisiko wa maji. Wastani wa ukubwa wa vijidudu ukapungua, na wingi wake pia.

Mwaka 1986 Henri Dumont wa Chuo Kikuu cha Ghent alitangaza jambo hilo kwa sauti kubwa. Aliuliza katika kichwa cha makala yake kama dagaa wa Tanganyika ndani ya Kivu si janga jingine la mazingira kwa Afrika. Neno hilo, jingine, lilikuwa na maana. Wakati huo Ziwa Victoria lilikuwa likiwapoteza furu wake kwa mamia ya spishi mbele ya sangara, aliyepandikizwa huko katika miaka ya 1950 na 1960. Dumont alihofia kwamba sambaza, akishamaliza chakula chake, ataanguka mwenyewe, na uvuvi uliojengwa juu yake utaanguka naye.

Hapa ndipo Kivu inapoachana na Victoria, na ndiyo sababu naona historia hii inafundisha kuliko ile maarufu ya sangara. Sangara alikula samaki ambao watu waliwajua kwa majina, waliowavua na kuwaanika. Mama wa Mwanza au Kisumu aliweza kusema fulani hayuko tena sokoni. Sambaza alimla asiyejulikana. Hakuna methali iliyomtaja dafnia, hakuna mtego uliowahi kutegwa kwa ajili yake. Kama Verbeke asingevuta nyavu zake kabla ya 1958, leo tusingejua kuwa kuna aliyepotea.

Utabiri wa anguko haukutimia. Brian Marshall, aliyemjua samaki huyu kwa kazi yake Ziwa Kariba, ambako alipandikizwa 1967 na 1968 na kuitwa kapenta, alijibu 1991 kwamba dafnia ametoweka kweli, ila samaki na chakula chake wanaweza kufikia mapatano. Vipimo vya sauti vilivyopitishwa chini ya mashua mwishoni mwa miaka ya 1980, na tena miaka 20 hivi baadaye, vilikuta kiasi kinachokaribiana: tani zipatazo 5,000 za sambaza ziwani kwa wakati mmoja. Si nyingi kwa ziwa la ukubwa huo. Kivu haina rutuba ya kutosha juu, kwa kuwa mbolea yake nyingi imezama kwenye tabaka za chini na haipandi ila kwa pepo za kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Pepo zikivuma mwani huongezeka, kopepodi hufuata, sambaza hufuata. Njaa ikija, wakubwa hula watoto. Samaki huyu anajipunguza mwenyewe.

Mengi ya haya tunayajua kwa kazi ya watafiti wa Bukavu, waliofanya kazi katika miaka ambayo hata petroli ya mashua ilikuwa shida. Kaningini alichunguza uzazi na uvuvi wa sambaza. Mwapu Isumbisho, wa Chuo cha Ualimu cha ISP Bukavu, alirudi kwenye vijidudu vya Verbeke na kuchapisha 2006 picha yao nusu karne baada ya samaki kuingia. Walikuta ziwa lililotawaliwa na kopepodi, lenye vijidudu vichache kuliko maziwa ndugu zake ya Bonde la Ufa. Hawa walipima kila mwezi kwa miaka, vita vikipita nyuma yao, na ningependa majina yao yajulikane Masisi na Walikale kama ya Collart na Dumont yanavyojulikana Ulaya.

Kisha swali likashuka chini zaidi. Mchungaji akiondoka, malisho huenda wapi? Mwani usioliwa hufa na kuzama, na kinachozama Kivu huingia kwenye ghala la gesi. Mwaka 2005 wanasayansi wa Uswisi na wenzao walitoa hofu kwamba methani ilikuwa imeongezeka tangu miaka ya 1970, na miongoni mwa sababu walizopendekeza yalikuwamo mabadiliko yaliyoletwa na samaki. Walipotoa matope ya chini kwa mirija, walikuta pia kwamba chokaa ilianza kutua ghafla katika miaka ya 1960, ikiwa tabaka jeupe ambalo halikuwapo kabla, na sambaza akawekwa kwenye orodha ya watuhumiwa pamoja na ongezeko la watu pwani na mabadiliko ya maji ya chemchemi za chini. Vipimo vipya vilivyochapishwa 2020 vimetuliza hofu ya methani: ongezeko lile halikuonekana. Tabaka la chokaa limebaki, na mjadala wake umebaki.

Mwaka 2006 akaonekana mgeni mwingine wa Tanganyika. Lamprichthys ni samaki mwembamba, dume lake lina madoa ya buluu yanayometameta kama shanga, na wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya wanampenda. Ruzizi hakuipanda kwa nguvu zake. Mikono ya watu imehusika. Anakaa kwenye mawe ya pwani, penye vifaranga vya sambaza na wale furu wa asili, na chakula chake kinaingiliana na cha sambaza. Mvuvi wa nyavu ndogo za pwani anamkuta kila siku. Safari hii hakukuwa na Verbeke wa kupima kabla, ila kulikuwa na watafiti wa Bukavu waliomtambua mapema, na kulikuwa na sambaza, mgeni wa jana, ambaye sasa wanasayansi wanaandika jinsi ya kumkinga.

Mwenyeji na mgeni huvuliwa pamoja, tena kwa chandarua. Sambaza huzaa karibu na ufuko, na chandarua cha mbu kikiburutwa kwenye maji mafupi hubeba watoto wa spishi zote bila kubagua. Sheria inakataza. Lakini uvuvi wa taa unahitaji timu ya watu, mitumbwi mitatu, taa na usiku wa amani, na pande za Sake usiku wa amani umekuwa bidhaa adimu. Mwaka 2024 mapigano yaliwamwaga watu wa Masisi kwenye kambi zilizozunguka Goma. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliichukua Sake, kisha Goma, na Machi vita vikafika mji wa Walikale. Mwenye chandarua na mtoto mwenye njaa hatafuti ruhusa ya idara.

Kutoka Sake barabara hupanda kwa mizunguko kuelekea Masisi. Ikiwa wazi, juu ya malori, kati ya magunia ya chumvi na madumu ya mafuta, hupandishwa mifuko ya sambaza wakavu, wepesi, wenye harufu inayotangulia gari. Hupita shamba za viazi na malisho ya ng'ombe, hufika pale mvua inapogawanyika, na kuanza kushuka upande wa Lowa.